Mbwa kapindua pipa la taka za harusi, sasa anatetemeka na mate yanamtoka. Maziwa, mawese au nimtapishe?

#1 Mlinzi_Fuoni
Asalaam aleikum wanajamvi, nina dharura. Mbwa wangu Tomi, wa ulinzi, kilo kama ishirini hivi, kapindua pipa la jirani waliokuwa na harusi jana. Nilimkuta magharibi bado anafukua, tumbo limevimba kama ngoma. Sasa hivi saa 3 usiku anatapika, mate yanamtiririka, miguu ya nyuma inamtetemeka. Mama mwenye nyumba anasema maziwa, mlinzi wa jirani anasema mawese, shemeji anasema mnyweshe maji ya chumvi atoe yote. Daktari wa mifugo ninaemjua simu yake haipatikani. Nifuate lipi?

#2 BiMshavu
Maziwa mwanangu. Sie tumekua hivo, paka akila sumu anapewa maziwa anapona.

#3 chakubimbi
Mbwa wa Fuoni kala pilau la harusi na mie niliealikwa nikaambiwa limekwisha 😂

#4 Bwana_Mifugo_Mstaafu
Wewe Mlinzi, hayo ya maziwa yaache kwanza. Nijibu haya. Alianza kula saa ngapi kwa makisio yako? Ndani ya pipa mlikuwa na nini hasa, nenda ukaangalie kwa macho usikisie. Alichotapika kina rangi gani na harufu gani? Fizi zake nyekundu, nyeupe au za kibuluu? Mmulike tochi machoni, zile mboni nyeusi zimesinyaa au zimepanuka? Kachanjwa kichaa cha mbwa? Na mtu yeyote asimmiminie kitu mdomoni sasa hivi, mbwa anaetetemeka hamezi vizuri, utamjaza mapafu na kesho utakuwa unatibu nimonia badala ya sumu.

#5 mpangaji_mbweni
Mkuu saga mkaa wa jikoni changanya na maji mnyweshe, mkaa unanyonya sumu. Huku bara tunafanya sana.

#6 Mtoto_wa_Kwahani
"Huku bara" na huku unaishi Mbweni yakhe 😂😂

#7 Mlinzi_Fuoni
Nimeshuka na tochi. Kachanjwa mwaka huu, kadi ninayo. Fizi zekundu kawaida tu. Mboni zimepanuka kubwa, ila kuna kiza. Matapishi yake mchele wa pilau mwingi, ngozi za kuku, kipande cha foili, na punje nyeusi ndogo ndogo. Hizo punje ndo zilizonitia khofu mana mtaani hapa watu wanatega panya. Pipani kuna mabaki ya pilau, mifupa ya kuku, boflo (mikate) zilizoota ukungu wa kijani, matumbo ya samaki, vijiti vya mishkaki, rundo la kahawa ilopikwa na kumwagwa, na leso za karatasi. Harufu ni thomu tupu.

#8 msasi_wa_Wete
Punje nyeusi ndo sumu ya panya ile wanayouza kwenye vipakti visivyo na jina. Mbwa wa mwenzangu kaila, hakufika asubuhi. Mwahi huyo.

#9 Ukhty_Jambiani
Punje nyeusi kwenye pilau?? Jamani hiyo pilipili manga! Mnatutisha bure. Pilau la Unguja lisilokuwa na pilipili manga ni wali wa rangi.

#10 Bwana_Mifugo_Mstaafu
Ukhty hujakosea kuuliza, lakini usimpe mtu raha mapema. Ile sumu ya punje nyeusi isiyo na lebo mara nyingi ni dawa ya kuulia wadudu wa shamba, jamii ya kabameti, ambayo wauzaji wameigeuza ya panya. Hiyo inaanza upesi, dakika chache mpaka saa chache: mate, machozi, kutapika, kuharisha, kutetemeka, na mboni zinasinyaa. Za Tomi zimepanuka. Hilo linanivuta upande mwengine ingawa kiza na khofu pia vinapanua mboni, na siku zote mwili haufuati kitabu.
Na hiyo harufu ya thomu nayo ina kesi yake. Iko sumu nyengine ya panya, zinki fosfaidi, unga wa kijivu au mweusi, ikikutana na tindikali ya tumbo inatoa gesi inayonuka thomu au samaki alooza. Gesi hiyo inamdhuru hata binadamu. Ikiwa mbwa yumo ndani basi mtoe nje, kaeni upande upepo unakotoka, msiinamie matapishi kunusa.

#11 Kaka_Bububu
Sasa pilau lina thomu, sumu ina thomu, pilau lina punje nyeusi, sumu ina punje nyeusi. Tutajuaje hapo 😅

#12 chakubimbi
Ita mpishi aje aonje

#13 Bwana_Mifugo_Mstaafu
#12 wewe subiri mkubwa mwenzio aje akupe bakora. Asionje mtu! Mlinzi chukua hizo punje kwa kijiko na glavu au mfuko wa plastiki mkononi, tia kwenye kichupa chenye mfuniko, daktari ataziangalia. Kama kuna pakti au kipande chochote chenye maandishi pipani, nacho beba. Hicho kipande kinaweza kumuokoa kuliko mawese yote ya Unguja.

#14 mvuvi_kaskazini
Mmesikia matumbo ya samaki halafu mmepita kimya. Huku Nungwi mbwa wa ufukweni wanakufa na bunju, yule samaki anaejivimbisha. Wavuvi wakimvua wanamtupa mchangani mana haliwi, mbwa anamuokota. Anaanza kutoa mate, anatapika, miguu ya nyuma inalegea, kisha pumzi. Sumu ya bunju iko kwenye ini, mayai na ngozi, na moto hauitoi hata umpike siku nzima. Dawa yake hasa haipo, anasaidiwa kupumua tu mpaka imtoke. Muulizeni huyo jirani alipika samaki gani.

#15 Ukhty_Jambiani
Nani anapika bunju harusini mvuvi we 😂 harusi au msiba

#16 mvuvi_kaskazini
Sijasema kapikwa. Matumbo yanatoka sokoni yamechanganywa, wewe unaponunua mtungo wa samaki unajua vyote vilivyomo?

#17 mpemba_wa_Konde
Mvuvi yuko sawa kutaja bahari. Sie Pemba tuna kidonda cha kasa. Kisiwa Panza Machi 2024 watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa kwa nyama ya kasa. Mbwa wa kwetu wakiona nyama ya kasa imetupwa wanaila vilevile.

#18 Kaka_Bububu
Si ilikuwa 2021 hiyo? Walikufa saba nakumbuka

#19 mpemba_wa_Konde
Zote mbili yakhe. Novemba 2021 Pemba walikufa saba, yumo mtoto wa miaka mitatu. Ya Panza ndo 2024, tisa walikufa na 78 wakalazwa. Watu wanazichanganya kila siku. Na nayo kama bunju, kupika hakusaidii.

#20 Mlinzi_Fuoni
Nimemtoa nje. Anashtuka kila pikipiki ikipita, mwili mzima unaruka. Shemeji kaja na chupa ya maji ya chumvi, nimezuia kwanza. Kwa nini chumvi isitumike na atapike yote yatoke?

#21 Bwana_Mifugo_Mstaafu
Chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa. Inapanda kwenye damu, inanyonya maji ya ubongo, anapata degedege. Mbwa aliekula vitu viwili vibaya unamuongezea cha tatu.
Kutapisha kuna wakati wake: mbwa mzima, macho yake yapo, hatetemeki, kala kitu ndani ya kama saa mbili, na kitu chenyewe si kikali wala si chenye ncha. Daktari ana sindano ya kazi hiyo. Huyu kesha tapika mwenyewe, anatetemeka, na pipani mna vijiti na mifupa. Akila mafuta ya taa, Jik, maji ya betri, kamwe usimtapishe, mana kitu kilichounguza koo kikishuka kitaliunguza tena kikipanda, na mafuta ya taa yakiingia mapafuni hilo ni balaa jengine.
Mkaa wa jikoni, mpangaji_mbweni, sio ule wa hospitali. Ule umetengenezwa maalum una vitundu vidogo vinavyoshika sumu, huo wa jikoni ni majivu na kuni tu, na hata ule wa hospitali hapewi mbwa anaetetemeka bila mpira wa kupitishia mpaka tumboni.

#22 mpangaji_mbweni
Sawa mkuu nimekusoma. Lakini mbwa wa bosi wangu alipona

#23 Mtoto_wa_Kwahani
Bosi ndo alipona au mbwa

#24 BiMshavu
Maziwa hamjayajibu lakini. Mie mkongwe nangoja.

#25 Bwana_Mifugo_Mstaafu
Bi Mshavu shikamoo. Maziwa hayaui sumu, yanapita tu. Sumu nyengine zinayeyuka kwenye mafuta, ndo hayo maziwa na mawese yanazisukuma ziingie mwilini haraka. Kidogo kusuuza mdomo uliolamba kitu kikali, hapo yana maana. Kwa hili la Tomi hapana. Paka wako waliopona walikuwa wamekula kidogo, au walikula kitu chengine kabisa.

#26 BiMshavu
Marahaba. Nimesikia, ila sikubali sana.

#27 mkwezi_wa_Kizimkazi
Kwetu tunatumia ukwaju. Maji ya ukwaju kikombe kimoja anatapika mara moja.

#28 Ukhty_Jambiani
Usifanye hivo! Mwaka 2021 wataalamu wa sumu Marekani walitoa hoja kuwa zabibu zinaua figo za mbwa kwa sababu ya tindikali ya tatariki, na ukwaju una hiyo hiyo kwa wingi. Na hapa harusini kulikuwa na zabibu kavu kwenye pilau? Familia nyengine zinatia. Hizo nazo figo.

#29 Mlinzi_Fuoni
Sijaziona zabibu. Ila vitunguu vya kukaanga vingi mno.

#30 Bwana_Mifugo_Mstaafu
Vitunguu ni kweli vinapasua chembe nyekundu za damu, na thomu ndo kali zaidi kwa uzito. Lakini hilo halitokei usiku huu, linakuja baada ya siku kadhaa: mkojo wa rangi ya chai ya rangi, fizi nyeupe au manjano, kuchoka. Kiasi kinachohitajika ni kama gramu 15 mpaka 30 za kitunguu kwa kila kilo ya mbwa, mbwa wa kilo 20 ni gramu 300 na zaidi. Kwa pilau la sherehe haishindikani kabisa. Kumbuka kumuangalia baadae, lakini kitunguu hakitetemeshi miguu leo.

#31 dr_wa_paka_mtaani
Naingia. Hii mimi naiona boflo. Boflo na vyakula vyenye ukungu wa kijani vina sumu za kuvu zinazotetemesha, zinaanza nusu saa mpaka saa chache baada ya kula. Mbwa anatetemeka mwili mzima, anaruka kila sauti, joto linapanda. #20 mwenyewe kasema anashtuka na pikipiki! Hilo ndo jina lake.

#32 Kaka_Bububu
Na ile kahawa? Rundo la kahawa lilopikwa, mbwa kama kala makapi ya kahawa nzima ya barazani basi kala kafeini ya wazee ishirini. Kafeini inatapisha, inatetemesha, moyo unakimbia, mboni zinapanuka. Mie kahawa chungu ya vikombe vitano tu usiku sitii jicho usingizi na mbwa je.

#33 dr_wa_paka_mtaani
Hoja nzuri, sijaisoma vizuri orodha. Lakini kahawa ilopikwa tayari kafeini nyengine imeshatoka. Na keki ya harusi ilikuwa ya chokoleti?

#34 Mlinzi_Fuoni
Keki nyeupe. Ila sikumuona nani alikula nini.

#35 Kaka_Bububu
Imetoka sio yote. Na kahawa ya kwetu inapikwa nzito, muulize mpishi.

#36 msasi_wa_Wete
Nyie mnabishana, huyu atakufa. Mlinzi muite daktari mwengine hata kama ni usiku!

#37 Bwana_Mifugo_Mstaafu
Msasi kasema la maana. Mlinzi, piga kila namba ya daktari wa mifugo unayoipata, waulize wa ng'ombe pia, wana sindano zile zile. Wakati unangoja: kiza na kimya, taa uzime, watoto wasimzunguke. Mlaze ubavu mmoja kichwa kimeinama kidogo mate yatoke. Kitambaa cha maji ya kawaida tumboni na kwapani, mana mtetemeko wa muda unampandisha joto. Maji ya kunywa ikiwa anaweza mwenyewe. Chakula hapana. Andika saa zote na kilo zake kwenye karatasi, usitegemee kichwa chako usiku huu.

#38 Sheikh_Ngamia
Naomba nami nitie neno. Kwani mbwa Muislamu unamfuga wa nini, si najisi?

#39 mpemba_wa_Konde
Sheikh hapa tumo kwenye dharura!! Wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda hakuna wa kuwakataza. Na Mtume s.a.w. katusimulia mtu aliempa maji mbwa mwenye kiu akasamehewa. Mate yake ndo yana taratibu zake, kuosha mara saba moja kwa udongo. Msasi wa Wete anao sita, mpigie simu umuambie ni najisi uone.

#40 msasi_wa_Wete
Sita na nusu, mmoja wa jirani anakula kwangu. Kama hujaona nguruwe mwitu alivyofukua muhogo wako basi huwezi kuelewa.

#41 Mlinzi_Fuoni
Sheikh mimi nashika kwa glavu na nafanya yote hayo. Nimempata daktari mmoja wa upande wa Mwanakwerekwe, anakuja na pikipiki.

#42 Sheikh_Ngamia
Allah amjaalie. Sikuwa na nia mbaya, niliuliza.

#43 Mama_wa_Chake
Jambo jengine hamkulitaja. Mbwa akitoa mate mengi na kushindwa kumeza, watu wanadhani kakwama mfupa, wanamtia mkono kooni. Huo unaweza kuwa kichaa cha mbwa! Kichaa kinafanya koo lipooze, mate yanatoka, na anaonekana kama kaziba kitu. Huyu kachanjwa alhamdulillah. Lakini wenye mbwa wa bila kadi msitie mkono, na akikuuma au mate yake yakikugusa kidonda osha kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima kisha kimbilia hospitali ukachanjwe, usingoje kuona mbwa anakufa au hafi.

#44 mvuvi_kaskazini
Mama wa Chake umesema jambo kubwa. Na mimi niongeze la mshipi. Mbwa wa ufukweni akimeza ndoana yenye mshipi, ule mshipi unamning'inia mdomoni au nyuma, usivute! Unachana utumbo, mana upande mmoja umejishika na upande mwengine unakokotwa na tumbo. Mwenzangu alivuta, akafikiri katoa, ilitoka nusu. Acha hivohivo, mpeleke.

#45 Binti_wa_Makunduchi
Na gunzi la mahindi! Mbwa wetu alimeza gunzi la mahindi ya kuchoma, akawa anakula vizuri siku ya kwanza, halafu kila anachokula kinarudi. Ilibidi apasuliwe. Daktari alisema gunzi halisagiki wala halipiti. Kokwa la embe vilevile, linaziba. Sasa hapa Tomi vijiti vya mishkaki vilikuwa vingapi pipani na vilivyobaki vingapi?

#46 Mlinzi_Fuoni
Hilo nani atajua, harusi ya watu 200 mishkaki inahesabika?

#47 dr_wa_paka_mtaani
Ni kweli lakini swali la Binti halina mzaha. Kijiti cha mti kwenye eksirei hakionekani vizuri, ultrasaundi inasaidia zaidi. Kinaweza kutulia siku nyingi kisha kikatoboa tumbo. Akianza kuinama mgongo, tumbo kuwa gumu, homa, rudini kwa daktari mumwambie habari ya mishkaki hata kama leo atapata nafuu.

#48 chakubimbi
Kuanzia leo Tomi asiende harusini bila kadi 😂 poleni lakini, namuombea

#49 Mlinzi_Fuoni
Habari za sasa. Daktari kaja, kamtia dripu mkononi, kampima joto, liko juu kidogo. Kaniambia nishike mguu nisiongee. Kampiga sindano ya atropini kidogo kwanza, dawa inayokausha mate na kupandisha mapigo ya moyo, akakaa na saa anahesabu mapigo ya moyo. Mapigo yakapanda, mate yakakauka kidogo. Akasema kwa hilo hadhani sana kuwa ni dawa ya wadudu, mana angekuwa na sumu hiyo mwili wote usingejibu kwa kiasi kidogo vile. Kisha kampiga ya kutuliza misuli. Sasa kalala, mtetemeko umepungua, pumzi zipo. Zile punje kaziangalia kwa tochi, akakata moja kwa wembe, ikawa nyeupe ndani, akasema inafanana na pilipili manga lakini hawezi kuapa kwa zote. Kachukua kichupa.

#50 Ukhty_Jambiani
PILIPILI MANGA nilisema mapema 🙌

#51 Bwana_Mifugo_Mstaafu
Ukhty, moja ilokatwa si zote. Kipimo cha atropini ni cha kutegemewa lakini sumu ya kiasi kidogo inaweza ikajibu vilevile, mie nimeona ng'ombe. Siondoi kabameti kwenye meza.

#52 dr_wa_paka_mtaani
Na mie siondoi boflo. Kupata nafuu kwa ya kutuliza misuli kunakwenda upande wangu.

#53 Kaka_Bububu
Kahawa nayo ingetulia hivohivo 😏

#54 mvuvi_kaskazini
Bunju je, hampendi tu kuisikia? Alilegea miguu ya nyuma kwanza, kasema #1 mwenyewe.

#55 dr_wa_paka_mtaani
Alitetemeka, hakulegea. Bunju inapooza, haishtui kwa pikipiki.

#56 mvuvi_kaskazini
Inaanza na ganzi ya midomo kwa binadamu, kwa mbwa nani aliwauliza?

#57 Mtoto_wa_Kwahani
Kunguru! Hakuna aliemtaja kunguru. Kunguru anabeba kila kitu jaani anakuja kukidondosha uani kwako. Waliletwa hapa miaka ya 1890 ili wale takataka, wakala, sasa wanazisambaza. Huenda kipakti cha sumu kakitupa yeye pipani.

#58 mpangaji_mbweni
Au ni ile sumu wanayowawekea kunguru wenyewe.

#59 Bwana_Mifugo_Mstaafu
Hiyo ni ya ndege, mbwa haimdhuru kwa urahisi kiasi hicho. Msiongeze majina jamani, tuna mengi tayari.
Mlinzi jambo moja la mwisho la usiku. Kuna sumu ya panya ya tatu, ile inayozuia damu isigande. Hiyo haionyeshi kitu leo wala kesho, inaanza siku ya tatu mpaka ya tano hivi, fizi zinatoka damu, kinyesi cheusi, kukohoa, anachoka ghafla. Ikiwa alikula hiyo, dawa yake ni vitamini K1 kwa wiki kadhaa, na siyo ya kubahatisha bali ya daktari. Kwa hivyo Tomi akiamka kesho akicheza usiseme kapona. Muombe daktari ampime muda wa kuganda damu baada ya siku mbili tatu. Na mwambie jirani kwa upole aangalie wapi ametega panya, na pipa lipate mfuniko na jiwe juu.

#60 Mlinzi_Fuoni
Nimeandika yote. Jirani nimeshamuambia, anasema hakutega panya na hiyo boflo ilikuwa ya juzi tu haiwezi kuwa na sumu.

#61 dr_wa_paka_mtaani
Ya juzi kwa joto letu hili 😂

#62 Mlinzi_Fuoni
Alfajiri kanywa maji mwenyewe. Kasimama, anayumba kidogo. Daktari kasema leo chakula laini kidogo tu, wali mweupe na samaki bila chumvi, bila kitunguu. Atarudi jioni. Ahsanteni nyote, msasi, Bwana Mifugo, hata Sheikh.

#63 Sheikh_Ngamia
Hata Sheikh? 😅 haya alhamdulillah

#64 BiMshavu
Alhamdulillah. Maziwa angepewa jana angeshapona jana.

#65 Bwana_Mifugo_Mstaafu
Bi Mshavu, nitakuja kwako kunywa hayo maziwa mie mwenyewe.

#66 Kaka_Bububu
Mlinzi muulize mpishi wa kahawa aliimwaga kiasi gani. Sitaki kuacha hii.

#67 Binti_wa_Makunduchi
Na hesabu vijiti.

#68 Mgeni_wa_Kiembesamaki
Samahani naingia bila kubisha hodi. Dada yangu ana mbwa mdogo kameza betri bapa ya rimoti sasa hivi, yuko mchangamfu tu anacheza. Nimesoma hapo juu mnasema wengine wanatapishwa. Na huyu tumtapishe?

#69 dr_wa_paka_mtaani
Hapana! Betri inachoma koo ikirudi. Msingoje adhoofike, mpelekeni kwa daktari sasa hivi kabla haijaanza kula ukuta wa ndani.

#70 Bwana_Mifugo_Mstaafu
Sasa hivi. Beba na rimoti yenyewe daktari aone ukubwa wake. Uko Kiembesamaki sehemu gani, nikuambie nani wa karibu?